Eti nimekalia kiti cha kaka yake

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa nikiisoma safu hii tangu nikiwa sekondari, sikudhani kuna siku nami nitaandika. Niwie radhi barua ikiwa ndefu.

Nipo mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea uhandisi wa maji. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika huku. Baba aliishia shule ya msingi, mama hakusoma kabisa. Sekondari niliyosoma ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa kemia. Masomo ya vitendo tuliyafanya ubaoni: mwalimu wa biolojia alikuwa anakuja kutusaidia, anachora chupa, anachora mirija, kisha anatuambia kwamba hapa rangi ingegeuka ikawa buluu. Tukaikariri hiyo buluu. Bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, niliishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe, mikono ikitetemeka.

Chuo chetu kina utaratibu wa kuwaongezea alama waombaji wanaotoka shule zisizo na maabara wala walimu wa kutosha. Mimi niliingia kwa utaratibu huo. Bila ile nyongeza ningekosa. Sikuwahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita ilitangazwa kwamba imeundwa kamati ya kuupitia utaratibu huu, na huenda ukafutwa. Usiku ule mjadala ulituwakia chumbani, na wenzangu wakawa wanasema hawa wa alama za nyongeza wanakishusha chuo. Nikajikuta nimesema, "Mimi ni mmoja wao." Rafiki yangu ninayeishi naye chumba kimoja, ambaye tumeshibana tangu wiki ya kwanza, alinyamaza. Baadaye akaniambia kwamba kaka yake aliomba kozi hii hii mwaka ule ule, akiwa amenizidi alama mbili, akakosa. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekalia kiti cha kaka yangu." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kujibu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Nao si matajiri, Mwalimu. Baba yao ni karani. Kaka yake alijaribu chuo cha binafsi, akanyimwa mkopo kwa sababu mshahara wa baba ulionekana unatosha. Sasa anatengeneza simu za watu, na anasubiri.

Tena mimi mwenyewe si mwanafunzi wa kujivunia. Mwaka wa kwanza nilifeli hisabati, nikarudia mtihani. Sasa wastani wangu ni C. Kila nikipokea karatasi yenye alama ndogo najiona nimewaaibisha wote walioingia kama mimi. Na hapo hapo viongozi wa chama cha wanafunzi wameniomba niende mbele ya kamati nikaeleze nilivyopambana hadi nikafanikiwa. Mafanikio gani? Mdogo wangu anamaliza mwaka huu katika shule ile ile, naye ameshasema haombi chuo, eti hajui hela itatoka wapi na hataki kumpa mama presha.

Je, nimemdhulumu kaka wa rafiki yangu? Na niende kwenye hiyo kamati au nikae kimya?

Ni mimi,
Niliyeongezewa alama

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo kijana anayetengeneza simu, maana naye ni mtoto wa mtu na nadhani ndiye anayekunyima usingizi. Amepoteza kitu cha kweli. Usikubali mtu wa upande wako akwambie kwamba hakuna aliyeumia, kwa sababu nafasi zikiwa chache na anayezidiwa alama akaingia, yupo aliyebaki nje. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wanaoulalamikia utaratibu huu wanaona jambo lililopo.

Lakini kumdhulumu, hapana.

Nimefundisha sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye vyumba vya kusahihisha mitihani, rundo la karatasi mbele yangu, majina yamefichwa. Karatasi hukuonyesha alichoandika mtoto. Hata siku moja haikuonyeshi alichopewa kabla ya kuandika. Nilikuwa nikikutana na jibu la swali la vitendo ambalo hatua zote zimepangwa sawasawa, matokeo yamekosewa kidogo, na najua kabisa huyu hajawahi kushika chombo anachokieleza. Namnyima alama mbili, kwa sababu mwongozo wa usahihishaji unasema hivyo. Huenda mmoja wa niliowanyima alikuwa wewe. Mwenzako aliyeishika bureti mara 40 kabla ya mtihani alizipata zile mbili kihalali, wala hakumwibia mtu. Ila tukisema zile mbili zinapima akili zenu tu, au bidii yenu tu, tutakuwa tumesema uongo. Nyongeza uliyopewa ni jaribio, lisilo kamilifu, la kusoma karatasi yako pamoja na shule iliyoiandika.

Jambo hili halikuanzia chuoni kwenu. Jimbo la Texas kule Marekani lilitunga sheria mwaka 1997 iliyompa nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma mwanafunzi yeyote aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya shule yake mwenyewe, shule iwe ya wenye nacho au ya wasio nacho. Yaani mtoto analinganishwa na waliokuwa naye darasa moja, chini ya walimu wale wale na paa lile lile. Baadaye watafiti wa uchumi wakawafuatilia wote wawili, aliyevutwa ndani na aliyesukumwa nje. Waliovutwa ndani walihitimu kwa wingi zaidi kuliko ambavyo wangehitimu bila sheria ile. Waliosukumwa nje hawakuonekana kupungukiwa, si katika kuhitimu wala katika kipato.

Ningependa sana kukuachia habari hiyo njema, ulale. Lakini soma tena sehemu ya mwisho, maana ndipo ulipo mgogoro wenu. Yule wa Texas aliyesukumwa nje alikuwa na pa kwenda. Alipata chuo kingine, nacho kikawa kizuri vya kutosha. Kaka wa rafiki yako aliposukumwa nje hakuwa na chuo cha pili cha umma chenye kozi ile, na alipojaribu cha binafsi mkopo ukamkataa. Aliyeamua kwamba nafasi za kozi yenu zitakuwa ngapi si wewe. Aliyeamua kwamba mshahara wa karani unatosha kulipa ada ya chuo, pengine huku ana watoto wengine watatu wanaosoma, si wewe. Maamuzi hayo yalipitishwa mezani, na watu wenye majina na vyeo, wakiwa na bajeti mbele yao. Ninyi wawili mmeachwa mgombee fito, na nyumba ni yenu moja.

Hili la karani linaniuma kwa namna yake. Linatokea sehemu nyingi: familia inahesabiwa kuwa si maskini kiasi cha kusaidiwa, ilhali haina uwezo wa kulipa. Afrika Kusini, baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya mwaka 2015, serikali ilitangaza mwishoni mwa 2017 kwamba watoto wa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka wangelipiwa. Hatua kubwa. Mara moja ikaibua kundi la waliouzidi mstari huo kidogo, na wao wakaendelea kuhangaika. Mstari wowote unaokatwa kwa kisu una mtu aliyesimama hatua moja nje yake. Rafiki yako ana haki ya kukasirika. Ningetamani hasira hiyo ifike mahali mstari ulipokatwa.

Na kwa kuwa neno "kiti" limekuingia moyoni, nikueleze habari ya viti vingine. Mwaka 2023 wachumi wa vyuo vikuu vya Harvard na Brown walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vyenye jina kubwa Marekani. Waliona kwamba mtoto kutoka familia zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa kipato cha kati mwenye alama zile zile za mtihani. Alama zile zile! Kilichomwinua, kwa sehemu kubwa, ni kwamba mzazi wake alisoma pale, au ana sifa nje ya masomo ambazo hela hununua, au ni mwanamichezo aliyesajiliwa. Huyo naye ameongezewa. Sijasikia kwamba hulala macho akijiuliza kiti ni cha nani.

Wapo watakaokuambia kwenye mjadala: basi tufute ada, kila mtu aingie kwa alama zake, yaishe. Brazili wamelijaribu hilo kwa miaka mingi. Vyuo vikuu vya umma huko havitozi ada na ndivyo vinavyoheshimika zaidi, lakini kwa sababu mtihani wa kuingia ni mgumu, vilikuwa vinajaa watoto waliolipiwa shule nzuri za sekondari za binafsi, hasa kwenye kozi zinazogombewa. Waliosoma sekondari za umma wakaishia kulipa ada katika vyuo vya binafsi vyenye hadhi ya chini. Bure ikawa ya mwenye nacho. Ndiyo maana mwaka 2012 ilipitishwa sheria inayotaka nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu ziende kwa waliosoma sekondari za umma. Kufuta ada ni jambo jema. Ila mlango usio na kiingilio bado unaweza kuwa juu ya ngazi ambayo wengine hawakujengewa.

Sasa hiyo C yako.

Mwanangu, una haki ya kupata C. Darasani kwenu wapo wengine wenye C walioingia bila kuongezewa chochote, na hakuna hata mmoja anayejiuliza kama ameiaibisha shule yake. Wao wanaruhusiwa kuwa wanafunzi wa kawaida. Wewe umejitwika kazi ya kuwa ushahidi. Hiyo kazi hakuna aliyekuajiri, na itakumaliza kabla hujamaliza shahada. Uliingia bila kemia ya miaka miwili, ukafeli hisabati mara moja, ukarudi ukafaulu, na leo uko mwaka wa pili wa uhandisi. Mimi kama mwalimu nikiiona safari ya namna hiyo, nakaa vizuri kwenye kiti na kuisoma tena.

Swali ambalo ningelipeleka chuoni ni hili: baada ya kukuongezea alama, walikuongezea nini kingine? Hukutaja somo la kufidia, wala mtu wa kukufundisha ile hisabati uliyoikosa. Kama ni hivyo, walikufungulia mlango wakakuacha ukumbini. Hapa ndipo sera nyingi nzuri hufia. Chuo kikuu cha jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya miaka miwili: kila mmoja anapewa mshauri anayemfahamu na kukutana naye mara kwa mara, anasaidiwa vitabu na nauli, anafundishwa ziada, na pengo la ada linazibwa, kwa sharti kwamba awe mwanafunzi wa muda kamili. Ukafanyiwa jaribio kwa kuchagua kwa bahati nasibu nani aingizwe katika mpango na nani aendelee kama kawaida, wote wakiwa wanafunzi wa familia za kipato kidogo waliofika na mapengo katika masomo. Baada ya miaka mitatu waliohitimu katika kundi la mpango walikuwa asilimia 40, na katika kundi lingine 22. Vichwa vilikuwa vya namna moja. Kilichotofautiana ni kilichowazunguka.

Kuhusu kamati. Nenda, ukijisikia kwenda. Ukishindwa, andika kurasa mbili uwape. Ila usiende kucheza ile sehemu waliyokupangia, ya msichana au kijana aliyepambana akashinda. Wajumbe watakupigia makofi, watafuta machozi, kisha watabaki na swali lao lile lile. Peleka vitu wasivyovijua: miaka miwili bila mwalimu wa kemia, buluu ya ubaoni, bureti ya siku ya mtihani, hisabati uliyofeli na mahali ulipojifunzia ukafaulu. Waambie una C. Sema mwenyewe, kabla hawajaisema wao.

Na uwaambie mahali utaratibu unapovuja, usiogope kwamba utakuwa umewapa silaha. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5. Idadi yao ilipanda kutoka kama robo ya wanafunzi hadi kukaribia nusu kufikia katikati ya miaka ya 2000, ingawa tukumbuke pia kwamba katika kipindi hicho chuo kilipanuka sana kwa kupokea wanaojilipia. Waliouchunguza utaratibu huo kwa karibu wakagundua kwamba wengi walionufaika na nyongeza ni wasichana wa shule nzuri, waliokuwa tayari karibu na mlango. Msichana wa wilaya ya mbali, ambaye shule yake haina hata dawati, alama 1.5 hazikumfikisha popote. Mwaka 2005 serikali ya Uganda ikaanza kutenga sehemu ya nafasi inazozilipia kwa kufuata wilaya. Hakuna aliyesema kwa kuwa nyongeza ilikuwa na kasoro basi wasichana warudi nyumbani. Kwa hiyo ulizeni: shule zinazoingizwa kwenye orodha yenu huchaguliwa vipi? Orodha ilirekebishwa lini mara ya mwisho? Kuna shule iliyokwisha kupata maabara ambayo bado inahesabiwa kuwa haina, na nyingine haina chochote na haimo? Kamati inayoulizwa maswali hayo hupata shida kusema "tufute tu."

Rafiki yako usimwandalie hotuba. Wala usimpelekee haya ya Texas na Brazili. Mtu aliyeumia hapelekewi takwimu. Mkiwa wawili chumbani, taa imezimwa kama ikibidi, mwambie pole kwa yaliyompata kaka yake. Usiseme "samahani kwa kuchukua nafasi yake," maana hukuichukua, na ukianza kuomba radhi kwa kosa ambalo si lako hutajua pa kuishia. Sema pole, kisha muulize kaka yake anaendeleaje, na usikilize hadi amalize. Huenda atalia, huenda atakujibu vibaya. Akikaa sawa, siku nyingine, muulize kama kaka yake angependa habari ya mkopo wake nayo ifike mbele ya kamati au kwa wanaohusika na mikopo. Barua mbili zikienda pamoja, ya aliyeingia kwa nyongeza na ya aliyeachwa nje akiwa mtoto wa karani, nani ataweza kusema kwamba ninyi ni maadui?

Nimemweka mdogo wako mwishoni kwa sababu lake lina tarehe.

Anavyofikiri ndivyo wanavyofikiri watoto wengi wenye uwezo: chuo ni ghali, msaada haujulikani, kwa hiyo ni bora nisiombe kuliko kuombaomba na kukataliwa. Chuo Kikuu cha Michigan kiliwahi kuligusa jambo hili kwa bahasha. Kiliwaandikia wanafunzi wenye alama nzuri kutoka familia za kipato kidogo za jimbo lile, kikiwaahidi kwamba wakikubaliwa hawatalipa ada kwa miaka minne, bila fomu ndefu za kuthibitisha umaskini. Wengi wao wangepata msaada unaokaribiana na huo hata bila barua. Tofauti ilikuwa kwamba sasa waliujua mapema na kwa uhakika. Katika waliopokea barua, asilimia 68 waliomba kuingia chuo hicho. Katika wenzao ambao hawakupokea, asilimia 26. Wewe huna uwezo wa kumwahidi ada, lakini unaweza kumwondolea kile kisichojulikana. Mkalishe chini, au mpigie simu, umpe hesabu kamili: wewe ulipata kiasi gani, kilichelewa wiki ngapi, muhula wa kwanza uliishi vipi, nani alikukopesha. Usimpambie. Mtoto akishajua shimo lina kina gani huweza kuamua kama ataruka.

Mama naye aambiwe hesabu hiyo hiyo, asikie kwako. Inawezekana presha yake inapandishwa zaidi na kutojua.

Kisha, kabla hajamaliza mitihani na walimu hawajatawanyika, akusanye cheti cha kuzaliwa, barua ya shule na uthibitisho wa kipato cha wazazi. Kwa familia isiyo na hati ya mshahara, uthibitisho huo ndio huchukua muda mrefu kuliko yote, na nimeona wanafunzi wangu wazuri wakikosa mkopo kwa mhuri uliochelewa siku mbili. Fomu ikitoka ipige picha, unitumie. Nitaisoma naye mstari kwa mstari.

Mwalimu